Kufuli Pacha za Mzee Mogire

Aliyeshuka kwa njia ya miguu kutoka kilima cha Manga kwenda mtoni alipita nyuma ya boma la Josiah Mogire, na akipita hapo alisoma, apende asipende. Ukuta wa gereji ya mzee huyo ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Chini yake: USISOGEE. Chini kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu rangi ilikuwa inaishia mkebeni: Kutoka 20:15. Mbwa mwenyewe alikuwa amekufa kwa uzee na kuzikwa migombani, ila Mogire hakuona sababu ya kuwatangazia wezi msiba wake. Na aya ile ya Kutoka, inayosema usiibe, aliiandika kwa manufaa ya wale wasioogopa mbwa.

Gereji ilijengwa kabla ya gari. Mogire alipokuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai alisema kwamba mtu mwenye mpango huandaa kitanda kabla ya mgeni. Akasimamisha kuta za matofali, akamwaga saruji, akaweka mlango mpana wa chuma. Kisha akastaafu, na mgeni hajafika hadi leo. Watu wa Manga, ambao hawana adabu kwa mipango ya mtu, waliliita jengo lile "gari la Mogire". Ungesikia mtu akimwelekeza mgeni: "Ukishapita gari la Mogire, kata kushoto."

Kejeli hizo zilikoma siku kikundi cha Tusaidiane kilipotafuta mahali pa kuweka mali yake. Tusaidiane ni kikundi cha kuzikana. Mtu akifiwa, wanakikundi humletea mahema, viti vya plastiki, sufuria kubwa za kupikia umati, spika na jenereta, asihangaike kukodi mjini. Vitu hivyo vilikuwa vikilala huku na huko, kiti kikipotea hapa, kifuniko kikipotea pale, hadi Bitutu, mwenyekiti wa kikundi, mama mfupi mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde, aliposema kwenye mkutano, "Tuna mtu ana nyumba nzima ya gari na hana gari. Tunatafuta nini tena?"

Watu walicheka, lakini Mogire alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakubali. Tangu siku ile akawa mtunzaji wa mali ya kikundi, na cheo hicho kilimjaa kuliko ukarani wote aliowahi kuufanya. Kanisani alikuwa mzee mmoja kati ya wazee. Kwenye chai alikuwa mkulima kati ya wakulima. Lakini penye msiba, mhubiri alipomaliza kuishukuru familia, aliishukuru Tusaidiane, na alipomaliza kuishukuru Tusaidiane alisema, "na mzee wetu Mogire, anayetutunzia vitu hivi kwa uaminifu." Hapo Mogire aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyetajwa bila kutarajia, ingawa angekosa kutajwa angekosa usingizi. Watu wangemsema kwa mengine yote na asijali. Sentensi ile moja tu ndiyo ambayo hakuwa tayari kuikosa.

Basi akaanza kulinda. Dirisha aliliziba kwa matofali. Juu ya paa alizungusha seng'enge, mpaka kunguru wakahama. Bawaba za mlango alizigeuza zikakaa ndani, ili mwizi asifungue skrubu kwa nje. Tena akazinyima mafuta kwa makusudi, na zikashika kutu vizuri, hata mlango ulipofunguliwa ulilia kama ng'ombe aliyekwama matopeni. "Kelele hiyo ni askari asiyelala," alimwambia mkewe. Phanice, ambaye ndiye aliyeamshwa kila upepo ulipoutikisa mlango huo, alimjibu kwamba kuna mtu mwingine humu ndani ambaye pia halali.

Na hakuazima mtu kitu. Jirani yake Ogoti, ambaye mpaka wa shamba lake ni mstari wa majani chai tu, alikuja siku moja na kofia mkononi kuomba ngazi. Paa lake lilikuwa linavuja.

"Leo ni ngazi," Mogire akamwambia. "Kesho utataka kujua ngazi inakaa upande gani. Kesho kutwa utajua mlango unafunguka vipi."

"Omogaka, mzee wangu, mimi nataka kupanda juu ya nyumba yangu, si juu ya yako."

"Wezi wote huanza hivyo."

Ogoti akavaa kofia, akaenda. Yeye alikuwa na kibanda cha miti na mabati makuukuu, na mlango wake aliufunga kwa kipande cha tubu ya baiskeli alichokizungusha kwenye msumari. Mogire alipokiona kibanda hicho alitikisa kichwa. Aliwahi hata kukitaja katika mahubiri, bila jina, kama mfano wa uzembe.

Kufuli ndiyo iliyomkosesha raha. Ile ya kwanza aliiona ndogo, akaenda Kisii mjini katika duka la vyuma la Manju, mama Mhindi aliyelirithi duka kwa baba mkwe wake na ambaye husema Ekegusii vizuri kuliko vijana wa stendi.

"Nataka kufuli ambayo haijawahi kushindwa," Mogire alimwambia.

Manju alivuta boksi kutoka chini ya kaunta, akaitua kufuli nzito ya rangi ya shaba, kisha nyingine kama hiyo. "Hizi zinakuja mbili mbili, mzee. Kufuli mbili, funguo zote sawa. Ukipoteza wa hii, unatumia wa ile."

"Ufunguo mmoja unafungua zote?"

"Zote. Ni pacha."

"Na mwizi akipata ufunguo?"

"Sasa mzee, wewe utampa mwizi ufunguo?"

Mogire alicheka kwa pua. "Mimi? Hata mke wangu sijampa."

"Basi uko sawa," Manju akasema, akaanza kufunga boksi.

Kufuli moja ikaenda gereji. Ufunguo wake aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni, chini ya shati, na hapo ulikaa akila, akioga, akiomba. Kila jioni aliitikisa kufuli, akaisikiliza, akaitikisa tena, ndipo akaenda kula. Ile ya pili, pamoja na ufunguo wake, alimpa Ochoki, kitindamimba wake.

"Baba Ochoki," Phanice alimuuliza, "huyo mtoto ana nini cha kuibiwa? Ana godoro na kalenda."

"Ana jina langu," Mogire akajibu.

Ochoki alikaa kwenye esaiga, nyumba ya kijana, upande wa chini wa boma karibu na migomba. Ilijengwa alipotoka jandoni, na tangu siku hiyo Mogire hakukanyaga ndani. Ndivyo inavyotaka chinsoni, ile heshima ya Wagusii inayomtenga mzazi na mambo ya faragha ya mwanawe: baba haingii nyumba ya mwanawe mtu mzima, hata ikiungua, huita mtu mwingine aingie na ndoo. Sasa Mogire, akiwa mimbarani, alikuwa adui mkubwa wa mila. Alizikemea moja baada ya nyingine, akaziita mabaki ya giza, na akina mama waliomwaga maji kizingitini kabla ya safari walipotajwa walitamani kuzama sakafuni. Chinsoni peke yake aliisamehe. Haikuwa kwa sababu alikuwa ameipima na Maandiko. Ilimpumzisha. Mtu asiyeruhusiwa kuingia nyumba ya mwanawe halazimiki kujua mwanawe anaamka saa ngapi, anapata wapi viatu vipya, na kwa nini pikipiki za watu wasiojulikana zinasimama pale. Aliyaacha hayo yote nje ya mlango, akaiita heshima.

Palikuwa na mambo mawili ambayo baba mwingine angeyaona. La kwanza ni tumbo la Ochoki. Tumbo hilo lilishika Sabato kuliko Wasabato wenyewe. Jumapili lilikuwa zima, katikati ya wiki lilimeza ugali bila malalamiko, lakini Jumamosi asubuhi, familia ikivaa kwenda kanisani, lilianza kusokota. "Nyinyi nendeni," Ochoki aliguna kutoka ndani ya esaiga. "Niombeeni." Na Mogire alimwombea, mbele ya kanisa zima, kwa sauti. Wakati huo boma lilikuwa halina mtu, na mlango wa chuma ulilia ulivyotaka, na hakuna aliyekuwa karibu wa kumsikia yule askari asiyelala.

La pili ni vumbi. Katika msiba uliopita, viti vilipotolewa, Mogire aliona miguu ya viti hivyo ina unga mweupe, mwororo, unaoteleza kwenye vidole. Udongo wa Manga ni mwekundu, hata nguo zetu zinajua. Unga mweupe kama ule uko Tabaka, wanakochimba na kuchonga mawe ya sabuni. Mogire aliusugua kidoleni, akautazama, kisha akageuka akawahutubia waombolezaji juu ya watu wasiojipangusa miguu.

Ikatokea habari kwamba huko Kenyenya wezi walikuwa wamevunja stoo ya kanisa moja na kwenda na spika. Habari ilimfikia Mogire Jumapili alasiri, na kabla chai haijapoa alikuwa amebeba kiti, Biblia, redio na chupa ya chai, akakaa mbele ya mlango wa gereji. Akatangaza kwamba hatoki hapo mpaka wezi wa Kenyenya wakamatwe.

Akakaa kweli. Majani chai yalikomaa shambani akamwachia Phanice na vibarua. Kamati ya kanisa ilikutana bila yeye, na hata Sabato aliisali pale pale kitini. Kufungua mlango na kutazama ndani hakufanya, kwa kuwa kwa imani yake kila unapofungua mlango unamwonyesha mwizi njia. Ulinzi kwake ulikuwa kuketi nje akitazama barabara.

Katika siku hizo Ochoki alimpenda baba yake kwa namna isiyo ya kawaida.

"Tata, leo si uende mtoni unyooshe miguu? Nitakaa hapa mimi."

"Kaa ufanye kazi yako, mwanangu."

Kesho yake: "Tata, nimesikia naibu wa chifu anaita wazee. Mkutano mkubwa."

"Naibu wa chifu ana simu yangu."

Siku nyingine: "Tata, majani chai yako kule juu yanakaa kama yana ugonjwa. Si uende uangalie?"

"Mama yako ataangalia."

"Lakini utaumwa mgongo kwa hicho kiti. Nakuonea huruma, haki."

Mogire alikuwa karibu kutokwa na machozi. Jioni alimwambia mkewe, "Mtoto amebadilika. Maombi yetu yamejibiwa. Ameniomba anipokee zamu, zaidi ya mara moja!"

Phanice alikuwa anasonga ugali. Alisonga bila kuinua macho. "Chai yako umeimaliza?" akauliza, na hakusema zaidi. Akina mama huingia kwenye nyumba za wana wao hadi mahali pa kula, kupeleka chakula. Sitasema Phanice aliona nini huko, kwa kuwa hata yeye hakusema, na kunyamaza kwake kuna sehemu yake katika yaliyofuata.

Ijumaa hiyo alikufa bibi Mokeira, mkongwe wa kilima kizima, na mazishi yakapangwa katikati ya wiki iliyofuata. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri bila kukosa. Bila mahema, umati ungelowa na mhubiri angefupisha, na hakuna familia inayotaka mhubiri afupishe kwa sababu ya mvua. Asubuhi ya siku ya kuandaa, Bitutu alifika bomani na vijana wa kubeba, wakiongozwa na Okemwa, mwendesha boda boda mwenye mabega ya fahali. Majirani wengine walikuja kusaidia, na Ogoti akiwa miongoni mwao, na kofia yake.

Mogire alisimama kutoka kwenye kiti chake cha ulinzi. Hakuwa mtu wa kufungua bila kuhutubia.

"Mnaona nyinyi," akaanza, "Kenyenya wameibiwa. Kwingine wataibiwa. Lakini hapa, kwa neema ya Mungu na kwa mikono hii..."

"Tata, wingu lile linakuja," Bitutu akamkata. "Fungua, utahubiri tukibeba."

Akautoa ufunguo shingoni. Kufuli ikaitika bila taabu, nzima, bila mkwaruzo. Mlango ukalia kama ng'ombe, na watu wakacheka kidogo kama kawaida yao. Kisha wakaacha.

Ndani kulikuwa na jembe, toroli na kopo la rangi nyekundu iliyokauka. Ukutani ilining'inia ngazi, ile ile aliyonyimwa Ogoti. Mahema hayakuwapo. Viti havikuwapo. Pale zilipokaa sufuria palikuwa na duara kwenye vumbi.

Mogire aliingia, akatoka, akaishika kufuli, akaitikisa. Ilikuwa bado nzuri sana.

"Kufuli ni nzima," akasema.

"Kufuli tunaiona," Bitutu akasema. "Vitu viko wapi?"

Mzee alitazama nyuso zile, na masikioni mwake alikuwa tayari anaisikia ibada ya mazishi ikipita bila sentensi yake, au mbaya zaidi, sentensi nyingine ikiwekwa mahali pake. Macho yakatua kwenye kofia ya Ogoti.

"Huyu!" akasema. "Huyu alikuja kuuliza ngazi. Alitaka kujua mlango!"

"Mogire," Ogoti akasema, "ngazi si hiyo hapo? Nimeiba mahema nikaacha ngazi niliyokuwa naitaka?"

"Ulitaka kutupumbaza macho."

"Na nimeingia wapi? Kwa tundu la kufuli?"

Hapo ndipo Mogire, mzee wa kanisa, mkemeaji wa waganga na hirizi, aliposema neno ambalo angemtenga muumini mwingine kwa kulisema. "Kuna watu wana dawa. Wanapita ukutani kama moshi."

Neno hilo huku kwetu si la mchezo. Likitoka kinywani mwa mtu anayeheshimiwa, mbele ya vijana, halingoji askari wala chifu. Okemwa akamshika Ogoti mkono. Mwingine akaing'oa kofia yake na kuitupa. Na aliyemdaka kwenye kola, aliyepaza sauti kuliko wote, alikuwa Ochoki.

"Mchawi! Mwizi wa vitu vya marehemu! Achomwe huyu!"

Kofi likampata Ogoti mdomoni, damu ikatoka. Alikoma kubishana. Alikuwa anamtazama Mogire tu, na Mogire alikuwa anatazama kufuli.

"Ngojeni kwanza!" Sauti ya Bitutu ilipita juu ya kelele zote. "Okemwa, mwache! Nimesema mwache, ama siku ya kumzika mama yako hutaona hema la Tusaidiane hata moja!" Okemwa akalegeza. Bitutu akanyoosha kidole upande wa chini wa boma, kwenye mlango wa esaiga, ambapo kitu cha rangi ya shaba kiling'aa juani. "Mzee Mogire. Ile kufuli ya kule chini na hii ya hapa, si ni dada na dada?"

"Nilizinunua pamoja," Mogire akasema.

"Na funguo?"

"Ni..." Akaanza kusema, na neno likafika mdomoni kabla hajalitazama. "Ni sawa."

Akalisikia. Na wote wakalisikia. Ile kola ya Ogoti ikaachiliwa polepole na mkono wa Ochoki, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Kijana ana kalenda na godoro," Bitutu akasema, "na anafunga kwa kufuli ya benki. Hebu tufungue tuone kalenda."

"Tata," Ochoki akasema haraka, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto mwenye adabu zote, "ile ni nyumba yangu. Wewe ni baba. Kuna chinsoni."

Mogire aliishika chinsoni kama mtu anayezama anavyoshika jani la mgomba. "Ni kweli," akasema. "Mimi siwezi kuingia nyumba ya mwanangu. Hiyo ni heshima ya wazee wetu."

"Leo mila si giza tena?" Bitutu akamuuliza. "Jumamosi uliyohubiri mwisho ilikuwa giza. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nilikusikia." Watu wakacheka. "Na hakuna aliyekwambia uingie, tata. Fungua tu. Kuingia tutaingia sisi."

Mogire alisimama hapo na ufunguo mkononi. Aliyajua yote sasa, tumbo na unga mweupe na zile huruma za mgongo, yalikuwa yamejipanga mbele yake kama watoto waliokuja kutoa ushahidi. Akisema hapana, vijana wangemrudia Ogoti, na mtunzaji wa mali angebaki msafi kwa siku moja zaidi, kwa bei ya mtu. Akisema ndiyo, atakuwa amefungua kwa mkono wake. Ogoti alikuwa anafuta mdomo kwa mkono wa shati. Hakuomba.

Mogire akashuka. Ni mwendo mfupi, na watu wote walimfuata. Akaingiza ufunguo, nao ukazunguka kwa urahisi kama kwenye mlango wake mwenyewe. Akauvuta mlango, akageuza uso upande wa migomba, kama chinsoni inavyotaka. Hivyo hakuona. Alisikia tu nguzo ya hema ikiteleza na kuanguka miguuni pake, kisha viti, kimoja baada ya kingine, vikimiminika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.

"Vyote viko!" Okemwa akaita kutoka ndani. "Na jenereta! Na kuna bango hapa!"

Akalitoa nje, akalikunjua. Lilikuwa zuri, la kuchapishwa mjini, lenye maua pembeni: OCHOKI HEMA NA VITI. HARUSI, MAHAFALI, MIKUTANO. TABAKA HADI KENYENYA. UAMINIFU NDIO NGUZO YETU.

"Nilikuwa navirudisha!" Ochoki akalia. "Haki ya Mungu, mimi hurudisha kila mara! Jumamosi nilivipeleka Tabaka, Jumapili vikarudi, nikasema nitavirudisha ndani Tata akienda shambani. Lakini ni yeye! Alikaa mlangoni! Wiki nzima hakutoka! Ningevirudisha saa ngapi?"

 Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka, na wengine wakafuata, na kicheko kikapanda bonde lile hadi waliokuwa wakichuma majani chai upande wa pili wakainua vichwa. Watu walishika mbavu. Mlinzi alikuwa amemzuia mwizi, ni kweli. Alimzuia asirudishe.

Mogire alibaki akiitazama migomba. Angeweza kusema mengi wakati ule, na maneno alikuwa nayo, hayakuwahi kumwishia. Aligeuka, akamwendea Ogoti, akaiokota kofia yake matopeni, akaipangusa kwa koti lake.

"Ile ngazi," akasema. "Njoo uichukue."

"Paa nilishaliezeka," Ogoti akajibu, akiipokea kofia. "Nilipandia pipa. Lakini umesema dawa, Mogire. Umesema mbele ya vijana. Hilo utalirudisha vipi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mogire hakutafuta jibu la Biblia.

Bibi Mokeira alizikwa vizuri, chini ya mahema, na mvua ikagonga turubai ikashindwa. Ochoki alibeba viti kwenda na kurudi, akachota maji, akasugua sufuria hadi viganja vikachubuka, na kikundi kikamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake katika kila msiba mpaka watakapochoka kumwona. Bango lake lilitandikwa chini ya sufuria za ugali. Mogire, kabla ya mahubiri, aliomba nafasi, akasimama mbele ya watu wote na kusema kwamba Ogoti si mchawi, na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Alilisema kwa sauti ndogo, akarudi kukaa. Walioketi nyuma walidai hawakusikia, wakamtaka arudie. Akarudia.

Kisha mhubiri aliishukuru familia, akaishukuru Tusaidiane, akatafuta jina, Bitutu akamnong'oneza. "Na ndugu yetu Ogoti," mhubiri akasema, "atakayetutunzia vitu hivi." Kwani ndivyo walivyoamua pale pale msibani. Mali yote ikahamia kwenye kibanda cha mabati makuukuu, na mlango ukafungwa kwa kile kipande cha tubu ya baiskeli. Anayetaka kiti anaita uani, "Ogoti, nachukua kiti!" na Ogoti anaitika kutoka shambani, "Kirudi!" Hadi leo hakijapotea hata kifuniko. Labda kitapotea kesho, mimi si nabii. Lakini kikipotea, watu watamuuliza Ogoti wakimtazama usoni, na Ogoti atajibu akiwatazama.

Mogire bado anavaa ufunguo shingoni. Jua likielekea kuzama huonekana akishuka ngazi za baraza, akienda hadi gereji, akiitikisa kufuli, akiisikiliza, akiitikisa tena. Maandishi ya ukutani yamefifia, limebaki neno MKALI tu, na watu hawakubaliani ni nani anayetajwa.

Jioni moja Phanice alisimama mlangoni mwa jikoni akamngoja arudi.

"Baba Ochoki, unafunga nini siku hizi?"

Mogire alirudisha ufunguo chini ya shati, akafunga kifungo cha juu.

"Ngazi," akasema, akaingia kula.